Waya za meno baada ya kupandikizwa fizi: mwongozo kwa mgonjwa wa Mtwara na Lindi ambaye mfupa wake umelika

Maswali ni yale yale, yanabadilika sauti tu. Kijana wa Masasi anauliza: "Nimepandikizwa fizi mwezi jana, naweza kufunga waya lini?" Mama wa Mikindani meno yake ya mbele yameanza kuachana, kaambiwa mfupa umelika, naye anataka kujua kama waya zitayarudisha au zitayang'oa kabisa. Mwingine wa Nachingwea ameona mtandaoni raba za kuziba mwanya kwa bei ya soda, anauliza kama zinafaa. Nafanya kazi kwenye chumba cha meno huku Kusini, na majibu haya nimeyatoa kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba sasa nayaandika, uyasome taratibu ukiwa nyumbani.

La raba nalijibu kwanza, kwa sababu lina haraka. Usizitumie. Raba ukiivalisha kwenye meno mawili ya mbele haikai pale ulipoiweka, kwa kuwa jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi. Inateleza, inazama chini ya fizi, inapotea machoni, na huko ndani inaendelea kukata nyuzi zinazolishika jino pamoja na mfupa. Mtu anadhani imedondoka. Baadaye meno yanalegea na kutoka mwenyewe akiyaona. Kama umewahi kuivaa na hukumbuki kuitoa, nenda hospitali leo uwaambie hivyo hivyo, usione aibu.

Mambo machache ya kuelewa kwanza

Jino halikugandishwa kwenye mfupa, limeshikwa na nyuzi. Waya inapolisukuma, mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, ndivyo jino linavyosogea. Kazi hiyo inakwenda salama hata kwa mtu aliyepoteza mfupa, mradi fizi zake zimetulia. Fizi zikiwa zimevimba na kuvuja damu, mfupa unayeyuka na usijengeke. Huko ndiko watu wanakopoteza meno, kisha lawama zote wanazitupia waya.

Pili, fizi iliyopandikizwa inafunika mzizi uliokuwa wazi na kuongeza unene wa fizi mahali ilipokuwa nyembamba. Mfupa haiurudishi. Kuna upasuaji mwingine wa kujaza mfupa, ambao unafaa kwa mashimo ya aina fulani tu, na daktari wa fizi ndiye anayejua kama lako ni la aina hiyo.

Umri si kizuizi. Mwenye miaka 50 na fizi safi ana nafasi nzuri kuliko wa miaka 22 mwenye fizi zinazotoka damu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili gumu, lile la plastiki lenye kifungo. Ndani weka barua ya daktari aliyekupandikiza (tarehe, meno gani, nyama ilitolewa wapi), karatasi ya vipimo vya fizi na picha zote za eksirei. Picha zikibebwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya basi la joto zinashikana, na nimeona wino ukibanduka. Kila karatasi ipige picha kwa simu pia.
- Orodha ya dawa unazotumia. Za presha kama nifedipine na amlodipine, na phenytoin ya kifafa, zinaweza kuvimbisha fizi. Zipo pia dawa za mifupa, za vidonge au sindano, ambazo daktari wa waya lazima ajue umewahi kupewa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.
- Majibu ya sukari kama una kisukari. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Madaktari wengi wanapenda kikae chini ya 7% kabla ya kuanza.
- Mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi (soma nyuma ya boksi, tafuta ppm 1,000 hadi 1,500), na vijiswaki vidogo vya kupita katikati ya meno. Hivi vya mwisho si kila duka la dawa linavyo, hivyo ukipata nafasi ya kufika mjini nunua vya akiba.
- Daktari wa meno wa karibu atakayekusaidia siku za dharura, hata kama waya umefungiwa mbali.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ugonjwa wa fizi umelala. Upasuaji wa fizi haumaanishi ugonjwa umeisha. Muombe daktari akupime upya mifuko ya fizi, yaani nafasi iliyopo kati ya jino na fizi. Anapitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kuzunguka kila jino, sehemu sita, huku mwenzake anaandika namba. Zisikilize. Milimita 1 hadi 3 ni salama. 4 isiyotoka damu mara nyingi inafuatiliwa tu. Ukisikia 5, 6 au zaidi, na damu inatoka, hujafika kwenye waya. Unarudi kukwanguliwa ugaga (uchafu uliogandamana na kuwa mgumu kwenye jino) chini ya fizi, pengine na upasuaji mdogo, kisha unapimwa tena baada ya miezi michache.

Kama unavuta sigara, unatumia ugoro au unatafuna tambuu, hapa ndipo pa kuacha. Sigara inaficha damu ya fizi, hivyo mvutaji anajiona mzima huku mfupa unaendelea kwenda.

2. Subiri fizi iliyopandikizwa ikomae. Juu inaonekana imepona baada ya wiki mbili tatu, ndiyo maana watu wanaharakisha. Ndani bado. Madaktari wengi husubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kuanza kusogeza meno ya eneo hilo, na wako atakuambia kulingana na aina ya upasuaji. Wakati mwingine fizi hupandikizwa makusudi kabla ya waya, hasa meno ya mbele ya chini, kwa sababu fizi nyembamba inaweza kushuka jino likisukumwa kwenda nje.

Wiki za mwanzo usipige mswaki juu ya kipandikizi mpaka uruhusiwe. Usivute mdomo kila saa kujitazama kwenye kioo, nyuzi za kushonea zinachanika. Dafu usinywe kwa mrija, mimina kwenye kikombe: kuvuta kwa nguvu kunaweza kubandua damu iliyoganda kwenye kaakaa, kama ndipo nyama ya kupandikiza ilipotolewa. Dawa ya kusukutua ya chlorhexidine tumia kwa siku ulizoandikiwa tu, kwa kuwa ikizidi inatia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha.

3. Piga picha mpya. Picha ya taya zima, wengi hospitalini wanaiita OPG, inaonyesha hali kwa jumla. Kwa mtu mwenye mfupa uliolika haitoshi peke yake. Omba na picha ndogo za jino moja moja sehemu zilizoathirika, ndizo zinazoonyesha kimo cha mfupa vizuri. Hizi ndizo picha zako za mwanzo, na miezi ijayo zitawekwa pembeni ya nyingine ili ijulikane kama mfupa umebaki palepale.

4. Tafuta daktari wa waya na umuulize maswali haya. Anzia karibu: Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uliza kwanza kama kwa wakati huo yupo mtaalamu wa kupanga meno, au utapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Ukimpata:

- Amewahi kutibu watu waliopoteza mfupa?
- Atatumia nguvu ndogo kiasi gani, na kwa nini? (Jino lenye mfupa mfupi linainama upesi, hivyo nguvu yake lazima iwe ndogo kuliko ya kijana mwenye mfupa kamili.)
- Meno ya nyuma atayabandikia braketi za gundi (vidude vidogo vinavyoshika waya kwenye jino) au atayavika pete za chuma? Pete mara nyingi zinakaa karibu na fizi na kukusanya ukoga.
- Atafunga waya kwenye braketi kwa raba ndogo au kwa waya mwembamba? Raba zinashika uchafu zaidi.
- Kuna njia ya vifuniko angavu vya plastiki vya kuvua na kuvaa? Kwa wengine vinafaa na vinarahisisha usafi, lakini lazima vivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku.

Akikuambia "fizi tutaiangalia baadaye," aga kwa heshima uondoke. Akikutazama mdomoni tu, asikupime fizi wala kuomba picha, aga vilevile. Mafundi wa "waya za urembo" wanaobandika mitaani wasikuguse kabisa.

5. Waunganishe madaktari wako. Hapa ndipo wagonjwa wa Kusini wanapoumia zaidi. Anayekaa mji mmoja na madaktari wake wawili hana shida, wanapigiana simu. Wewe fizi umetibiwa Dar, waya pengine unafungiwa kwingine, na wa dharura yuko Newala. Wewe ndiye mjumbe wao. Omba barua kutoka kwa daktari wa fizi yenye sentensi moja iliyo wazi: ugonjwa umetulia, meno haya yanaweza kusogezwa, haya yasiguswe. Daktari wa waya naye aandike mpango wake na urudishe nakala. Usikubali waya ufungwe kabla barua hizo hazijakutana.

6. Panga safari na fedha za muda wote. Waya za mtu mzima mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ingawa kupanga meno machache ya mbele huweza kuisha mapema. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mahudhurio ni kila wiki 4 hadi 8. Mwambie daktari mapema unakotoka, baadhi ya waya za mwanzo zinaweza kufanya kazi muda mrefu kidogo bila kubadilishwa. Kuwa makini na masika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu maeneo ya Somanga na watu walikwama njiani. Miadi mizito, kama ya kufunga au ya kufungua, iwekwe nje ya Machi hadi Mei.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo kwenye karatasi: vipimo, kufunga, kila hudhurio, braketi ikibanduka, kusafisha fizi, riteina (kishikio cha meno baada ya waya kutoka). Uliza bima yako inalipia kipi. Kama unategemea korosho, usiahidi malipo ya Oktoba kabla mnada haujapita na fedha hazijaingia kwenye akaunti. Omba awamu. Ninachokiogopa ni mtu kufunga waya kisha kukosa nauli na kukaa nazo miezi bila kuonwa, kwa sababu waya haulali, unaendelea kusukuma.

7. Siku ya kufungwa. Kula kabla ya kwenda, na meno yasafishwe siku hiyo au siku chache kabla. Kubandika hakuumi. Maumivu huanza saa chache baadaye na kupungua ndani ya siku tatu hadi tano. Paracetamol inatosha kwa wengi. Omba nta ya kuziba sehemu zinazokwaruza shavu. Kama hereni za bei rahisi zinakuwasha ngozi, sema kabla, huenda una mzio wa nikeli na baadhi ya waya zina madini hayo.

8. Usafi wa kila siku. Hii hatua ina uzito kuliko zote, na haifanywi na daktari. Asubuhi na usiku, kwa taa na kioo:

Mswaki laini uinamishe kuelekea kwenye fizi, nusu ya nywele zake zikigusa fizi na nusu jino, na uuchezeshe kidogo kidogo bila kusugua kwa nguvu. Pita juu ya braketi, kisha chini yake. Halafu chukua kijiswaki cha katikati. Kipitishe chini ya waya, kati ya jino na jino, mbele na nyuma mara chache, kikitoka kioshe ndipo uende kwenye pengo linalofuata. Kiwe kinabana kidogo bila kulazimishwa. Mtu aliyepoteza mfupa ana mapengo ya ukubwa tofauti, hivyo anahitaji saizi mbili au tatu. Nyuma ya meno ya mbele ya chini panahitaji muda zaidi kuliko pote, kwa sababu ndipo ugaga unapojijenga upesi.

Damu kidogo siku mbili za mwanzo isikutishe. Ikiendelea wiki nzima, rudi hospitali.

Mswaki wa mti unaruhusiwa kwenye meno ya kawaida, lakini haufiki chini ya waya, na ukisuguliwa kwa nguvu kwenye fizi iliyopandikizwa unaishusha. Mkaa na chumvi ya kusugua viache kabisa.

9. Chakula. Ugali, wali, samaki wa kuchemsha, kisamvu na mbaazi havina tatizo. Korosho zilizokaangwa zitwange uweke kwenye uji au mchuzi, maana vipande vyake vinajibana kwenye braketi. Ming'oko imenye kwa vidole, usiimenye kwa meno. Muwa na muhogo mbichi subiri mpaka waya zitoke. Pweza mpike mpaka alainike na umkate vipande vidogo. Embe lenye nyuzi likate vipande, ukilifyonza utatumia usiku kucha kutoa nyuzi.

10. Rudi kwa daktari wa fizi kila miezi mitatu. Hata kama hakuna kinachouma. Anasafisha, anapima mifuko, na akiona namba zinapanda anamwandikia wa waya asimame. Kusimama kwa muda ni sehemu ya matibabu, usinung'unike. Kwa hudhurio hili huhitaji kila mara kwenda mbali: kukwangua ugaga na kupima kunaweza kufanyika hospitali ya karibu, mradi namba ziandikwe na ziingie kwenye faili.

11. Kufungua na kushikilia. Meno yenye mfupa mfupi hayana subira. Waya zikitoka bila kishikio, yanaanza kurudi ndani ya siku chache. Kabla ya kufunguliwa, hakikisha mpango wa riteina upo na umelipiwa. Mara nyingi ni waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, pamoja na ya kuvaa usiku. Kwa aliyepoteza mfupa ni ya maisha.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Kipandikizi kimekuwa cheupe au kina utando siku za mwanzo.* Kwa kawaida ni hali ya kupona, usiukwangue. Kikiwa cheusi, kinanuka na maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu, nenda hospitali.

*Damu inatoka kwenye kaakaa.* Kunja shashi safi yenye unyevu, bonyeza dakika 20 bila kufunua kuchungulia. Isipokata, nenda, hata kama ni usiku.

*Jino linacheza zaidi tangu waya zifungwe.* Kucheza kidogo kunatarajiwa. Likicheza kiasi cha kusukumwa kwa ulimi, au likiuma ukiuma chakula, piga simu kabla ya tarehe yako.

*Fizi imevimba na inatoa usaha.* Usisubiri miadi. Daktari yeyote wa meno wa karibu anaweza kusafisha na, akilazimika, kuuondoa waya wa sehemu hiyo. Usinunue antibiotiki dukani kwa kukisia.

*Fizi inashuka tena palepale palipopandikizwa.* Piga picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, ya leo na ya wiki ijayo, uwatumie madaktari wote wawili. Mara nyingi chanzo ni mswaki mgumu au jino kusukumwa nje kupita kiasi.

*Meno yamenyooka lakini kuna pembetatu nyeusi karibu na fizi.* Hapo ndipo mfupa na fizi vilipokuwa. Waya hazijakosea. Daktari anaweza kuipunguza pembetatu hiyo kwa kusawazisha ubavu wa meno na kuyasogeza, au kujaza kwa dawa ya rangi ya jino, lakini aliyelika mfupa sana mara nyingi hubaki na kidogo.

*Waya umechomoka nyuma na unachoma shavu, na uko Liwale au Tandahimba.* Nawa mikono, kausha ncha kwa shashi, bandika nta. Nta ikikosekana, ukunje taratibu kuelekea kwenye jino kwa kifutio cha penseli kilichooshwa. Usiukate kwa koleo nyumbani ukiwa peke yako, kipande kinaweza kuingia kooni. Kisha mpigie daktari aliyekufunga, umwambie ni jino la ngapi kutoka mbele na upande gani, ili akuambie kama wa karibu anaweza kumalizia au ni lazima usafiri.